Wengine Waliombwa, Sisi Tulikatwa

Mwaka 1919 Hazina ya Marekani ilitoa bango lililochorwa na Howard Chandler Christy. Mwanamke ameinua shada mbele ya bendera, na kando yake kuna orodha ya heshima yenye majina ya wanajeshi: Du Bois, Smith, O'Brien, Cejka, Haucke, Pappandrikopolous, Andrassi, Villotto, Levy, Turovich, Kowalski, Knutson, Gonzales. Maneno makubwa yanasema hawa wote ni Wamarekani. Ukiyasoma majina hayo kwa sauti unapita Ireland, Ugiriki, Italia, Poland na Hungaria kabla hujavuta pumzi ya pili. Bango lilikuwa la kuuza hatifungani: wananchi waikopeshe serikali ilipe madeni ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyokuwa vimekwisha miezi michache nyuma.

Bango jingine la vita hiyohiyo halikuwa na majina. Lilikuwa na swali na amri. Je, wewe ni Mmarekani kwa asilimia 100? Thibitisha! Nunua hatifungani za serikali.

Hazina ni ileile, bidhaa ni ileile, wanunuzi ni walewale. La kwanza linamwambia mtu aliyeshuka melini juzi kwamba jina lake limo. La pili linamwambia bado anashukiwa, na kwamba shaka hiyo inaondoka kwa pesa. Mabango haya mawili yamenikaa kichwani kwa muda mrefu, kwa sababu ya mahali ninapotoka. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Uganda. Wazee wetu walikuwa askari waliobaki kwa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, afisa Mwingereza Lugard akawachukua mwaka 1891, na mji wetu ukawa kambi ya Keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Katiba ya Uganda inaorodhesha jamii 65 za wenyeji, nasi tumo katika orodha. Lakini mwaka 1979, Amin, ambaye sisi tulihesabiwa kuwa watu wake, alipoanguka, wengi wetu walikimbia makwao kwa sababu ya jina la kabila tu. Kwa hiyo mtu akiniambia "thibitisha kwamba wewe ni wa hapa", silisikii kama neno la matangazo ya biashara.

Ndiyo maana nataka kuandika kuhusu jambo hili ambalo Kiswahili kimeliandika kidogo mno: serikali yenye vita inawaendeaje watu wa lugha nyingi, dini nyingi na kumbukumbu nyingi, ikawaambia nikopesheni? Na sisi huku Uganda tulikuwa wapi wakati wengine wanaombwa?

Kwanza jambo lenyewe, kwa ufupi. Hatifungani, au bondi kama tunavyosema mitaani, ni mkopo. Unaipa serikali pesa leo, inakupa karatasi inayoahidi kukurudishia baada ya miaka fulani pamoja na faida. Katika vita fungu kubwa hutoka kwa mabenki, makampuni ya bima na matajiri. Basi kwa nini Hazina ihangaike na dobi mwenye senti 25? Kwa sababu viwanda vya silaha vinalipa mishahara minono huku sukari, viatu na mafuta vikipelekwa jeshini. Pesa zimejaa mifukoni, madukani hamna kitu, bei zinapaa. Pesa ya dobi ikifungwa ndani ya karatasi kwa miaka kumi, haiendi sokoni kugombania sukari. Hiyo ndiyo sababu ya kiuchumi, nayo ni ya kweli. Naomba msomaji aikumbuke, maana tutakutana nayo tena kwenye mashamba ya pamba ya Busoga.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waziri wa Hazina William Gibbs McAdoo aliendesha mikopo minne, na Carter Glass aliyemfuata akamalizia wa tano mwaka 1919; yote ilileta zaidi ya dola bilioni 21. McAdoo alikuwa na taifa lenye mamilioni ya watu waliozaliwa ng'ambo, wengine Ujerumani na Austria, yaani nchi za adui. Mabango yalichapishwa kwa lugha zao. Magazeti ya Kiyidishi, Kipolandi na Kiitalia yalibeba matangazo. Waigizaji wa sinema Charlie Chaplin na Mary Pickford walizunguka miji wakihutubia umati. Na palikuwa na wajitoleaji wapatao 75,000 walioitwa Watu wa Dakika Nne: walisimama ndani ya jumba la sinema wakati mkanda unabadilishwa, wakasema neno lao kuhusu vita na mikopo kwa dakika nne tu, wakashuka. Mara nyingi msemaji alikuwa mtu wa mtaa huohuo, kinyozi wako, wakili wako, mwalimu wa mtoto wako. Kwenye mitaa ya wahamiaji wengine walisema kwa lugha ya pale.

Hapo kuna ufundi wa kuheshimu. Lakini kamati zilezile za mitaa zilipewa viwango vya kufikisha, na mtu akishapewa kiwango cha kufikisha, adabu huanza kupungua. Walitengeneza orodha za nani amenunua na nani hajanunua. Waliketi na kukadiria jirani yao anaweza kutoa kiasi gani. Mahali pengine asiyenunua alipakwa rangi ya njano kwenye ukuta wa nyumba yake. Waliopata taabu kubwa ni Wamenoni, Wakristo wa asili ya Kijerumani ambao imani yao inakataza vita. Hawakuwa wakigoma kulipa kodi wala kupeleleza. Walisema tu kwamba dhamiri haiwaruhusu kukopesha pesa za kununulia risasi. Katika majimbo ya katikati makanisa na nyumba zao zilipakwa rangi, na baadhi ya watu wao wakapakwa lami. Wengi walinunua hatimaye, wakiwa na hofu.

Najiuliza McAdoo aliandikaje pesa hizo katika vitabu vyake. Bila shaka ziliingia safu moja na zile za mtu aliyenunua kwa moyo mweupe. Daftari la Hazina halina mahali pa kuandikia hofu. Lakini mtaani watu waliendelea kuijua tofauti hiyo muda mrefu baada ya karatasi kulipwa.

Vita vya Pili vilipowadia, waziri wa Hazina alikuwa Henry Morgenthau, na hapa ndipo habari inapokuwa tajiri. Wachumi wengi walimshauri alazimishe: akate asilimia fulani ya kila mshahara, amrudishie mfanyakazi baada ya vita. Kule Uingereza John Maynard Keynes alikuwa amependekeza jambo la namna hiyo. Morgenthau alikataa. Alitaka watu wajitolee, na hoja yake ilikuwa kwamba bondi ziwe njia ya kuwaleta watu ndani ya vita, mtu ajione ana hisa katika jambo lenyewe. Alimwita mwanazuoni wa siasa, Peter Odegard, apange kampeni. Bondi za Mfululizo E zilianza kuuzwa Mei 1941: unalipa dola 18.75, baada ya miaka kumi unapata 25. Asiyekuwa na kiasi hicho alinunua stempu za senti 10 au 25, akazibandika kwenye kijitabu mpaka kijae, kisha akabadilisha kwa bondi. Watoto wa shule walifanya hivyo kote nchini. Kabla mambo hayajaisha Wamarekani milioni 85 walikuwa wamenunua, na jumla ya bondi zote, za wadogo na za mabenki, ilifika takribani dola bilioni 185.

Watu hupenda kukumbuka mabango na nyota. Mwimbaji Kate Smith alikaa redioni tarehe 21 Septemba 1943, akarudi hewani tena na tena kwa saa 18, na ahadi za takribani dola milioni 39 zikaja. Mwanasosholojia Robert Merton aliwahoji wasikilizaji baadaye kujua kilichowagusa. Walimwamini, walisema, kwa sababu hakuwa akilipwa na kwa sababu alionekana anachoka kwa ajili yao. Somo hilo ni zuri, lakini lipo jingine kubwa kuliko hilo, nalo lilitoka kwa watafiti wa kundi la Rensis Likert walioifanyia serikali uchunguzi baada ya kila kampeni. Waligundua kwamba watu karibu wote walikuwa wameshasikia habari za bondi na kuona mabango, na wengi wao bado hawakununua. Aliyenunua, mara nyingi, ni yule ambaye mtu alimjia ana kwa ana, kazini au mlangoni, akamwomba. Bango linakujulisha tu. Ukiombwa na mtu aliyesimama mbele yako, inabidi ujibu.

Basi ukishaujua ukweli huo, swali linakuwa: nani atumwe kuomba? Hazina ilimwajiri William Pickens, Mmarekani mweusi aliyekuwa ametumikia NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kwa miaka mingi, aongoze kitengo cha kuwafikia weusi kupitia makanisa, vyuo na vyama vyao. Alisafiri nchi nzima akihutubia. Na fikiria alichokuwa akiomba. Aliwaomba watu waliopanda treni kwenye mabehewa yao peke yao, waliozuiwa kupiga kura katika majimbo ya kusini, waikopeshe serikali iliyoruhusu hayo. Jeshi la majini lilimtuma pia Dorie Miller. Huyu alikuwa mhudumu wa mezani katika meli ya West Virginia, kwa sababu siku hizo mweusi hakupewa kazi nyingine jeshini humo. Siku ya Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, alishika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwa amefundishwa kuitumia, akapiga. Akapewa nishani, akazungushwa mijini kuhamasisha ununuzi wa bondi, kisha akarudishwa baharini, na mwaka 1943 akafa meli yake ilipozamishwa.

Gazeti la Wamarekani weusi, Pittsburgh Courier, lilikuwa tayari limeanzisha mwaka 1942 kampeni ya ushindi maradufu: ushindi dhidi ya adui wa nje, na ushindi dhidi ya ubaguzi nyumbani. Naiheshimu sana hatua hiyo. Wasomaji wake walinunua bondi na wakadai haki zao wakati uleule, na hawakuona mgongano, kwa sababu mtu anayekopesha ana sauti mbele ya mdaiwa wake. Serikali ilipokuja kuwaomba, ilikiri kwamba inawahitaji. Jambo hilo halikufuta dhuluma hata moja kwa siku moja. Lakini liliwapa mahali pa kusimama wakati wa kusema.

Sasa turudi kwetu.

Katika vita hivyohivyo zaidi ya watu 70,000 wa Uganda waliingia jeshini. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri katika Keya, ndicho kilichomfanya Mlang'o, Mteso na Mnubi waelewane kwenye mitaro. Walipelekwa Ethiopia, Madagaska, na mwaka 1944 walikuwa kwenye bonde la Kabaw huko Burma, wakipita kwenye matope na malaria kuwafukuza Wajapani. Hayo yanajulikana. Yasiyosemwa sana ni pesa. Michango ya hiari ilikuwepo, kote katika himaya ya Mwingereza watu walichangia ndege za Spitfire, kila moja ikitajwa kwa bei ya pauni 5,000. Lakini mchango mkubwa wa Uganda haukupita kwenye bahasha.

Ulipita kwenye mzani wa pamba. Serikali ya kikoloni ilichukua mamlaka ya kuuza pamba na kahawa ya nchi nzima. Mkulima wa Buganda, Busoga au Teso alipeleka marobota yake, akalipwa bei iliyopangwa na serikali. Bei ya nje ilikuwa juu zaidi. Tofauti hiyo haikumrudia, iliingizwa kwenye mifuko maalumu iliyoitwa ya kusawazisha bei, eti siku bei ikianguka mkulima atafidiwa. Pesa za mifuko hiyo ziliwekwa London, kwenye hati za serikali ya Uingereza. Yaani mkulima wa Iganga, huko Busoga, aliikopesha Uingereza pesa za vita, na baada ya vita za kujijenga upya, bila kupewa karatasi, bila kuambiwa riba, bila kuulizwa.

Na maofisa walikuwa na sababu. Walisema mkulima akilipwa yote, madukani hamna bidhaa, bei zitapaa. Ni hoja ileile ya Hazina ya Marekani, ile ya dobi na sukari. Uchumi wa Iowa kule Marekani na uchumi wa Iganga ulikuwa na tatizo moja. Kule walimtuma mtu abishe hodi aseme "tafadhali". Huku walikata kwenye mzani. Tofauti hiyo ya namna ya kuchukua ndiyo iliyoamua kilichofuata.

Aprili 1949 Buganda iliwaka moto. Kati ya madai yaliyopelekwa mbele ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kulikuwa na haki ya wakulima kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza nje bila kupitia mikono ya serikali, pamoja na haki ya kuchagua viongozi wao. Ignatius Musazi alikuwa amewakusanya wakulima katika chama chao kwa sababu ya hesabu hiyohiyo ya mzani, na mwaka 1952 akaanzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa cha nchi hii. Baadaye sehemu ya pesa zile za pamba ilirudi kama miradi ya maendeleo, na maofisa wakadhani watapewa shukrani. Hawakuelewa kwa nini mkulima hakufurahi. Mimi naelewa. Mtu aliyekatwa haoni mradi, anaona pesa yake ikirudi imebadilishwa sura na mwingine.

Nimesema mengi kuhusu kuomba, lakini kuna upande wa pili wa ahadi, ule wa kulipa, na huko hata walioombwa kwa heshima waliumizwa. Ujerumani ilitoa mikopo tisa ya vita kati ya 1914 na 1918. Mwalimu wa shule, mjane, mchungaji, wote waliweka akiba zao. Kufikia Novemba 1923 dola moja ilikuwa sawa na mark trilioni 4.2, na hatifungani ya mtu haikuweza kununua hata mkate. Austria-Hungaria ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu inatufanana kwa wingi wa lugha. Upande wa Austria ulitoa mikopo minane, mabango kwa Kijerumani, Kicheki, Kipolandi na lugha nyingine za dola ile. Kisha mwaka 1918 dola yenyewe ikatoweka. Mcheki aliyekuwa amenunua kwa kusukumwa, na Mjerumani wa Vienna aliyenunua kwa mapenzi, wote walibaki na karatasi ya mdaiwa asiyekuwepo.

Uingereza nayo ilidanganya mwanzoni kabisa. Mkopo wake wa kwanza, Novemba 1914, ulikuwa wa pauni milioni 350. Magazeti yalitangaza kwamba umepita kiasi, watu wamegombania. Ukweli ulitoka kwenye vitabu vya Benki Kuu ya Uingereza miaka zaidi ya 100 baadaye: umma ulinunua chini ya theluthi moja, na sehemu iliyopungua ikajazwa kwa siri na benki yenyewe kwa kutumia majina ya maofisa wake. Na Marekani, iliyokuwa imeandika kwenye bondi zake kwamba italipa kwa dhahabu, ilifuta sharti hilo mwaka 1933. Nchi kubwa, zenye sheria na mahakama, zilifanya hivyo.

Kwetu mtu wa umri wa kati hahitaji kufundishwa hili. Mei 1987 shilingi mpya ilipokuja, mia za zamani zikawa moja, na asilimia 30 ikakatwa juu yake kama kodi ya kubadilisha. Sababu zake za kiuchumi zilikuwepo, nchi ilikuwa imetoka vitani na bei zilikuwa hazishikiki. Lakini muulize mzee yeyote wa Luweero aliyekuwa na pesa chini ya godoro. Atakwambia hesabu yake mpaka noti ya mwisho. Kumbukumbu hiyo inakaa mezani kila mara mtu anapokuja kutuuzia karatasi ya serikali.

Nao wanakuja. Benki Kuu ya Uganda imekuwa ikiuza bondi za Hazina tangu 2004, na mtu wa kawaida anaweza kuanza na shilingi laki moja. Hizi hazina jina la vita, ingawa kila mtu anajua kwamba bajeti moja hulipa hospitali na majeshi pamoja. Riba yake imekuwa nzuri kuliko akaunti ya akiba. Pamoja na hayo, katika chama chetu cha akiba cha akina mama na wazee hapa Bombo, ambacho mimi nakiandikia daftari, hakuna aliyekuwa nayo.

Alikuja kijana wa kampuni moja ya fedha kutueleza. Alikuwa na adabu, alivaa vizuri, alileta picha kwenye kompyuta. Alianza kwa Kiingereza, akahamia Luganda alipoona nyuso, na mwisho akaomba radhi kwamba Kiswahili chake ni cha sokoni. Nchi yenye Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini karatasi zake zote zilikuwa za Kiingereza. Akamaliza kwa kusema kununua bondi ni uzalendo. Hapo chumba kilipoa. Hajati mmoja, ambaye marehemu mumewe alikuwa mtoto wa askari wa Keya, akamwambia, "Mwanangu, uzalendo wetu tulishautoa. Wewe tuambie pesa inarudi lini na inarudi ngapi."

Kijana alijibu vizuri, sifa hiyo nampa. Alieleza kwamba faida hulipwa mara mbili kwa mwaka, kwamba kodi ya asilimia 20 inakatwa kwenye faida hiyo, na 10 kwa bondi za miaka kumi na kuendelea, na kwamba ukitaka kuiuza kabla ya wakati unaweza kupata pungufu. Alipoanza kusema hayo watu walianza kuandika. Mjadala ukanoga. Ukitendewa kama mkopeshaji, unauliza maswali ya mkopeshaji.

Kisha likaja la riba. Nusu ya chama ni Waislamu wanaoshika dini, na riba kwao haigusiki hata iandikwe na serikali. Kijana hakuwa na jibu, na hakuwa wa kulaumiwa, kwa sababu bidhaa aliyokuja nayo haikutengenezwa kwa kutufikiria. Jibu lipo duniani. Mwaka 2014 Uingereza ilitoa sukuk ya pauni milioni 200, ambapo mwenye hati hupata sehemu ya kodi ya pango ya majengo ya serikali badala ya riba. Nigeria mwaka 2017 ilitoa ya naira bilioni 100 kwa ajili ya barabara. Nawakumbuka tena wale Wamenoni. Walipakwa rangi kwa sababu Hazina iliwaletea karatasi ya aina moja tu na kuwaambia: hii au wewe ni msaliti.

Majirani wetu wamejaribu njia zao. Kenya mwaka 2017 iliuza M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000 za kule, riba asilimia 10 bila kodi. Mauzo ya majaribio yalikwenda vizuri. Baadaye mwaka huohuo walilenga bilioni moja wakapata kama robo tu. Simu ilimfikia kila mtu na haikumwomba mtu, nadhani Likert angelitabiri hilo. Ethiopia ilipoanza bwawa la umeme kwenye mto Abay, yaani Nile ya Buluu, mwaka 2011 iliwaomba raia wake wote, na wafanyakazi wa serikali wengi walitoa mshahara wa mwezi mzima. Mradi ulizinduliwa Septemba 2025, na fahari ya watu ni ya kweli. Lakini mshahara wa mwezi mzima unapoombwa na mwajiri wako, kuna wangapi waliojiona wako huru kukataa? Huko Marekani shirika lao la umeme liliwauzia Waethiopia wa ughaibuni bondi bila kuzisajili, na mwaka 2016 likakubali kulipa takribani dola milioni 6.5 kumaliza shauri hilo. Ukraine, tangu Machi 2022, inauza bondi za vita mpaka kwenye programu ya simu ya serikali, na nyingine zimepewa majina ya miji iliyokuwa mikononi mwa adui. Hilo linanigusa. Mtu wa Lviv ananunua karatasi yenye jina la Kherson, mji ambao huenda hajawahi kuukanyaga, na jina hilo halimwulizi yeye ni wa kabila gani.

Sijui kama siku moja serikali yetu itatuomba mkopo wa vita waziwazi, kwa jina lake. Wanajeshi wetu wamekuwa Somalia tangu 2007 na wako Kongo, na gharama zinazotuangukia zinalipwa kimya kimya ndani ya bajeti. Ningependelea kuombwa. Ningependelea afisa aje Bombo, Arua, Moroto na Mbale, akae kwenye mkeka, aseme vita ni ipi, inagharimu ngapi, italipwa lini, na avumilie kusikia "hapana" kutoka kwa watu wengine bila kuandika majina yao. Wakikataa wengi mno, basi serikali itakuwa imejua jambo muhimu kuhusu vita vyake mapema.

Chama chetu kiligawanyika vizuri tu. Baadhi wameamua kuanza na hati za Hazina za siku 364, wapime maji kabla ya kufunga pesa kwa miaka kumi. Wengine wameacha pesa zao zinunue mahindi ya kuuza msimu wa njaa, kama walivyofanya siku zote. Hajati ameniamuru niandike barua kwa Kiswahili kwenda Benki Kuu, nakala kwa mbunge, kuuliza mambo mawili: ni lini masharti ya bondi yatachapishwa kwa lugha rasmi ya pili ya nchi, na ni lini Uganda itatoa sukuk ambayo mwanachama wa laki moja anaweza kuinunua. Alitaka pia niandike kwamba wanachama wako tayari kukopesha wakielezwa. Mstari huo niliuweka mwanzoni.